Andika Alinibaka

Fundi wa friji alifika kituo cha polisi asubuhi, siku moja baada ya kutoka hospitali. Alifuatana na shangazi yake aliyemlea, mwanamke ambaye kwa mambo mazito hakujua njia nyingine ila kuzunguka mbuyu.

"Afande," shangazi akaanza, "mwanangu huyu yamemkuta."

"Yapi?"

"Hayo hayo ya wanawake."

Afande akaandika tarehe, akasubiri.

Fundi akaeleza mwenyewe. Mwenye bucha alimwita akamtazamie friji, akafunga mlango, akambaka. Alisema kwa sauti ileile anayomwambia mteja kwamba kompresa imekufa. Ila mikono alikuwa ameikalia kwenye benchi.

Afande alijaza ukurasa, akamsomea: "Mimi, mhanga, niliharibiwa na mtuhumiwa dukani kwake..."

"Sijaharibiwa," fundi akasema. "Kilichoharibika ni friji yake. Andika alinibaka."

"Dada, hiyo ni lugha ya heshima. Tunakusitiri."

"Mnamsitiri yeye. Mtu akisoma hapo atadhani nimeangukiwa na rafu ya duka."

Shangazi akamvuta kiwiko. "Mwanangu, neno lenyewe linachoma masikio."

"Acha liwachome na wao, shangazi. Mimi limenichoma peke yangu siku nne."

Shangazi akamwachia kiwiko.

"Na mhanga?" afande akauliza, kalamu hewani. "Nalo hulitaki?"

"Nina jina. Na kazi ninayo."

Afande akashusha pumzi, akachukua karatasi mpya. Alipofika kwenye neno lenyewe aliandika polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akasoma mara mbili, akatia sahihi.

Miezi saba baadaye, mahakamani, wakili wa mwenye bucha alisema "huyu anayedai kuharibiwa". Hakimu akapekua maelezo. "Neno hilo silioni humu, wakili. Humu kuna kubakwa. Zungumzia hilo." Wakili alikohoa, kisha maswali yake yakawa mafupi. Mwenye bucha alifungwa.

Wiki iliyofuata shangazi alikwenda bombani. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamnong'oneza, "Yule binti yenu aliyeharibiwa, hajambo?"

"Alibakwa," shangazi akasema, na foleni nzima ikasikia. "Aliyembaka yuko jela. Binti hajambo, yuko kazini. Sasa sogeza ndoo yako."

Alirudi nyumbani na maji nusu ndoo, mengine yamemmwagikia miguuni. Fundi akampokea.

"Umegombana na nani, shangazi?"

"Na mtu. Niache kwanza nikae."