Kusema ya Mwenzako

Ban Gil-seok alikuwa amezoea kula akiwa amesimama. Tangu mkewe afariki aliona upuuzi kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja. Alijimiminia supu ya soya bakulini, akatia wali humo humo, akala akiegemea sinki huku redio ikimtajia mvua za mikoa ambayo hakuwa na mtu huko. Umri wake ulikuwa miaka sabini na mmoja. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Solmoe, na katika mwaka wake wa mwisho ndipo aliposaini karatasi ya minara ya umeme.

Sahihi hiyo ilikipasua kijiji katikati. Minara mitatu ilisimamishwa kilimani, juu ya mashamba ya vitunguu saumu, na siku za unyevunyevu nyaya zake zililia kama nyuki waliofungiwa chupani. Waliokubali na waliokataa hawakuketi tena pamoja. Waliokubali walibaki na ukumbi wa wazee. Waliokataa walileta kontena la bluu, wakaliweka ng'ambo ya barabara, wakatia humo jiko lao na televisheni yao. Watu waliozikiana wazazi wakawa wanapishana kama wageni stesheni. Mwaka wa tisa sasa.

Ungedhani Gil-seok alikuwa na kwake pale ukumbini. Aliketi nao, ndiyo, lakini kila vitunguu viliposinyaa au ng'ombe alipoharibu mimba, mmoja wao hakukosa kusema, "Aliyesaini wa kwanza si mwenyekiti?" Walimhitaji apate kuwepo mtu wa kubeba lawama. Alipolielewa hilo alipunguza kwenda, na hakuna aliyekuja kuuliza kulikoni.

Mwezi wa nne alifika mwanamke mmoja kwa baiskeli. Alijitambulisha kuwa ni Tak Hae-won, aliyerudi kutoka Seoul na kufungua duka dogo la vitabu mjini.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na ombi."

"Marahaba. Kama unauza kitu, umepotea njia."

"Siuzi. Tunaandaa kongamano la mawazo, kwenye ghala la zamani la ushirika. Watu watazungumza kuhusu yale yanayotutenga."

"Mawazo? Binti yangu, Solmoe mawazo yamejaa tele. Tulichopungukiwa ni watu wa kusalimiana."

"Basi ni hilo hilo, mzee."

Akamweleza. Wangepanda jukwaani watu wawili wawili, waliokuwa pande mbili za ugomvi mmoja. Lakini hakuna ambaye angesema yake. Kila mmoja angesema ya mwenzake, tena kwa kusema "mimi", na mwenye habari angekaa mbele akisikiliza bila kumkatiza.

"Na mwenzangu mimi ni nani?"

"Mama Sang-hun."

Gil-seok alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Pyo Jeom-rye? Yule aliyejifunga mnyororo kwenye trekta? Ataniuma yule!"

"Naye kasema hivyo hivyo. Kasema utamuuza tena mbele za watu, kwa kalamu ile ile."

"Kwa hiyo kakataa."

"Hapana. Kasema, yule mwoga akikubali, na yeye yupo."

Neno lile lilimchoma. Alikaa nalo siku mbili, siku ya tatu akapiga simu.

Walikutana mara tatu dukani kwa Hae-won kabla ya kongamano. Mara ya kwanza walikaa kama wagonjwa wanaongoja kuitwa na daktari. Jeom-rye, mwanamke mfupi wa miaka sabini mwenye goti bovu, hakumtazama. Alimwambia Hae-won, "Mwulize mwenyekiti wako kama chai yake haijapoa." Gil-seok naye akamwambia Hae-won, "Mjibu kwamba mimi si mwenyekiti tena." Saa nzima ikapita hivyo.

Mara ya pili Hae-won aliwaachia duka, akatoka. Kimya kilikuwa kizito hata Gil-seok akaona afadhali matusi.

"Haya," alisema. "Nitasemaje habari zako ikiwa hunipi?"

Jeom-rye aliipapasa meza kwa muda mrefu. Kisha akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Siku themanini na tatu chini ya turubai kilimani, wakiizuia minara. Chakula kikiganda kabla ya kuliwa. Asubuhi walipobebwa, polisi wa kike wanne, wasichana wadogo, walimnyanyua kama gunia, na mmoja wao alikuwa analia, anamwambia, "Nisamehe, bibi, nisamehe." Jeom-rye alijikojolea. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mwanawe.

"Lakini hilo silo lililoniuma," alisema. "Waliponiweka chini pale barabarani, niliona gari jeupe linakuja. Nikasema, afadhali, ni Gil-seok, mume wa rafiki yangu Sun-ae, atanifunika hata na koti. Ukanitazama. Ukapita."

Gil-seok siku ile aliikumbuka vizuri.

"Sun-ae alikuwa kiti cha nyuma," alisema. "Nilikuwa nampeleka hospitali Daegu. Alikuwa anatapika damu. Nilikuona. Sikusimama."

Jeom-rye akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni. "Sun-ae alikuwemo?"

"Alikuwemo. Aliniuliza, 'Ni nani pale?' Nikamwambia simjui."

Jeom-rye aliinuka akaenda kumngoja Hae-won mlangoni.

Mara ya tatu ikawa zamu yake. Kwa miaka tisa alikuwa amewaambia watu kwamba alisaini kwa manufaa ya kijiji, kwamba minara ingejengwa tu, heri kupata barabara na bomba la maji. Alianza kuyasema hayo hayo. Jeom-rye akamkatiza.

"Hayo nimeyasikia kwenye kipaza sauti. Mimi nitapanda jukwaani kuwa wewe. Nipe yako."

Basi akampa. Watu wa kampuni walikuwa wanakuja kila siku na tabasamu zao na maboksi ya juisi, wanakaa sebuleni, na Sun-ae amelala chumba cha pili akijibana asikohoe mbele ya wageni. Alitaka waondoke tu. Alitaka nyumba ipoe. Siku ile angesaini chochote.

"Ndivyo tu?"

"Ndivyo tu."

Jeom-rye akasema, "Siku ya maziko yake nilitoka nyumbani. Nilifika mpaka kituo cha basi, nimevaa nyeusi. Basi likaja, likaenda. La pili likaja, likaenda. Niliogopa wenzangu watasema nimelainika. Nikarudi nyumbani. Hilo usilitaje jukwaani."

"Sitalitaja."

Siku ya kongamano ghala lilijaa. Watu wapatao mia mbili, wengi wa mjini, wanafunzi, walimu, mtawa mmoja wa Kibudha aliyekuja na mto wake wa kukalia. Kutoka Solmoe walikuja kumi na mmoja, sita wa ukumbini wakakaa kulia, watano wa kontena kushoto.

Gil-seok alitangulia. Alikuwa na karatasi lakini aliikunja.

"Mimi ni Pyo Jeom-rye," alisema kwa sauti yake nzito, na watu wachache wakacheka. Hakungoja wamalize. Alisimulia turubai, chakula kilichoganda, polisi aliyelia. La kujikojolea aliliruka. Hakuombwa aliruke, ila hakuona kuwa ni lake kulitoa. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Alipofika kwenye barabara alipunguza sauti.

"Gari jeupe likaja. Nilimjua mwenye gari. Tulikuwa majirani miaka thelathini. Akanitazama..."

Neno lililofuata halikutoka. Alijaribu mara mbili. Ghala zima likamngojea, na yeye, katikati ya watu wote wale, alijiona yuko peke yake kuliko siku zote za sinki na redio.

"Akapita," alisema mwishoni, akashuka.

Jeom-rye alipanda akichechemea. "Mimi ni Ban Gil-seok. Watu wanasema nilisaini kwa sababu ya kijiji. Nilisaini kwa sababu nilichoka. Mke wangu alikuwa anakufa chumba cha pili, na mimi nilitaka kimya."

"He! Kumbe!" Alikuwa Bwana Kuk, wa ule ukumbi wa wazee, amesimama upande wa kulia, uso umemwiva. "Gil-seok! Si ulituambia ni kwa faida yetu? Tukakufuata kama kondoo!"

Hae-won aliinuka. Jeom-rye akamzuia kwa mkono, akamgeukia Kuk, na bado alikuwa anasema kama Gil-seok.

"Ndiyo. Niliwadanganya. Na nyinyi mlipenda kudanganywa, maana mlikuwa mmechoka kama mimi."

Maneno hayo Gil-seok hakumpa. Alikaa pale mbele, mikono magotini, na sheria ilikuwa ni kutokatiza.

Watu walipiga makofi muda mrefu. Wa mjini walimzunguka Gil-seok wakamshika mikono, mama mmoja akilia kwa sababu ya kaka yake ambaye hasemeshani naye. Alipotoka nje, gari la kijiji lilikuwa limeondoka na wale sita. Jeom-rye alichukuliwa na mwanawe. Gil-seok alirudi kwa basi, yeye na dereva tu, na dereva hakuwa mtu wa maneno.

Kongamano halikuunganisha Solmoe. Ukumbini hakuna aliyemfukuza, ila alipoingia televisheni iliongezwa sauti. Huko kwenye kontena wenzake Jeom-rye walianza kumwita "mke wa mwenyekiti", na si kwa utani. Hae-won alikuja kuomba radhi, akasema labda aliharakisha.

"Hukuharakisha," Gil-seok alimwambia. "Hii hali ilikuwepo. Ila sasa ina sauti."

Mwezi wa sita ulikuwa wa kuvuna. Miaka yote walivuna kwa ujima, leo kwako kesho kwangu, lakini safari hii wa ukumbini hawakutokea. Gil-seok aliingia shambani alfajiri peke yake. Kufikia saa nne mgongo ulikuwa umekataa, na alikuwa amemaliza mistari mitatu kati ya ishirini na miwili. Alikaa kwenye tuta. Alifikiri kuviacha vioze.

Aliposikia hatua alidhani ni mtu anapita njia. Alikuwa Jeom-rye, kofia kubwa kichwani, glavu mkononi.

"Mwanaume mzima, mistari mitatu?"

"Goti lako, Mama Sang-hun."

"Nitang'oa nikiwa nimekaa. Wewe sogeza huo mfuko."

Walifanya kazi mpaka jua likaanza kulegea, kila mmoja mstari wake. Mara moja Jeom-rye aliuliza, bila kuinua kichwa, kama Sun-ae aliumia sana mwishoni. Gil-seok akamwambia ukweli, kwamba ndiyo, aliumia sana. Jeom-rye aliendelea kung'oa. Baadaye alijipangusa uso kwa mkono wenye udongo, akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili hakuja. Gil-seok alidhani ni goti, akadhani pia ni mengine, akafanya kazi mpaka giza.

Siku ya tatu Jeom-rye alirudi, na nyuma yake mwanamke mwingine wa kontena, Mama Yeong-tak, ambaye hakuwa amemsemesha Gil-seok tangu minara ijengwe. Huyo hakumsalimia hata sasa. Alikwenda moja kwa moja upande wa mbali wa shamba, akampa mgongo, akainama na kuanza kung'oa.

Gil-seok alitaka kusema kitu. Jeom-rye akatikisa kichwa, mwache, na akamnyooshea kidole mstari wake.