Watu wa Nyumbani Hawajambo?

Teresia alianguka mtihani wa vitendo kwa sababu ya salamu. Alipewa dakika kumi na mgonjwa wa kuigiza, na dakika nne nzima zikaishia kumjulia hali: yeye, mkewe, watoto, mvua aliyokuja nayo. Kengele ilipolia, hata tumbo la mtu hajaligusa. Msimamizi akaandika kwamba hakuufikia ugonjwa.

Kurudia ni mara moja tu. Miaka mitatu ya shahada ya uzamili, aliyoisomea kwenye basi akitoka zamu, sasa ilining'inia kwenye chumba kimoja cha mapazia. Akianguka tena, atabaki nesi wa wodi, na ile kliniki ya Tottenham, hapo London, iliyomwekea nafasi ya kutibu familia nzima, kuanzia kichanga hadi nyanya, itamchukua mwingine.

Habari hizo alimwambia rafiki yake Shiro peke yake. Shiro ni msusi, na ukimwambia msusi umewaambia vichwa vyote anavyovisuka. Jumapili baada ya kanisa nyumba ya Teresia ikajaa, kila mtu anataka kuwa mgonjwa wake wa mazoezi. Huyu ana mapafu, yule ana kibofu, mwingine kachagua kifafa kwa sababu alikiona kwa jirani na anajua kukiigiza. Chai ilichemka hadi madirisha yakafunga ukungu, na mabasi ya huko chini yakawa madoa mekundu yanayoelea. Teresia alizunguka na kipimo chake cha presha kama anayetembea ndani ya usingizi. Sebule nzima aliiona kama mwili mmoja mkubwa, wenye midomo mingi, unaolalamika na kucheka.

Shiro alishika saa ya simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Kila Teresia alipoteleza kwenye habari za watoto, sufuria ililia.

"Jina, tarehe ya kuzaliwa, shida ni nini," Shiro alimwambia. "Hapa hatujaja kuposa."

Ikafika zamu ya Rupal, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la viungo pale chini, aliyekuwa amepanda na sinia la sambusa. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa akakunja shali lake. Teresia akamuuliza haraka haraka, kama alivyofunzwa. Rupal akajibu goti.

"Ukiniuliza kama polisi, dada, nitakwambia goti," akaongeza. "Goti silo lililonipandisha ngazi."

Watu wakacheka, sufuria ikalia, mwenye kifafa akaanguka kwenye zulia kabla ya zamu yake. Neno la Rupal likapotelea humo.

Jumanne asubuhi London ilikuwa imemezwa na ukungu. Chuoni, mapazia meupe yalipumua taratibu, na nyuma ya kila pazia kulikuwa na mtu anayeumwa kwa mshahara. Wa kwake alikuwa Mzungu wa miaka hamsini hivi, sweta la kijani, anaumwa kichwa wiki ya pili. Teresia hakusalimu zaidi ya jina. Aliuliza macho, shingo, homa, dawa anazotumia. Akapima presha, akamulika mboni. Kila kitu kilikuwa sawa. Zilikwisha dakika sita, na mkononi hana kitu ila kichwa kinachouma.

Kalamu ya msimamizi ikasimama. Pazia likajaa upepo, na kwa kitambo kidogo ikawa kama sebule yake imeingia humo ndani, na mvuke wake wa chai, na Rupal na shali lake. Aliusikia mwiko ukiinuliwa. Akavuta kiti, akakaa.

"Na watu wa nyumbani," aliuliza kwa Kiingereza chake cha Nyahururu, "hawajambo?"

Mzungu akainua uso, kama mtu aliyekuwa ameegemea mlango na mlango ukafunguliwa. Akasema mkewe naye anaumwa kichwa, na kutapika. Tangu baridi ianze na boila, ile mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto, iwashwe. Hata paka haamki vizuri. Kazini je? Kazini yeye mzima kabisa.

Teresia aliwahi kuwajua watu waliolala na jiko la makaa madirisha yamefungwa, wasiamke. Akamwambia ampigie mkewe sasa hivi, atoke nje na paka wake, waite watu wa dharura wa gesi, na boila isiguswe tena mpaka ikaguliwe. Kisha wote wawili waende hospitali leo hii wapimwe damu, maana hewa ya sumu inayotoka kwenye boila mbovu haina harufu. Alikuwa kwenye neno la mwisho kengele ilipolia.

Ujumbe wa chuo uliingia Ijumaa saa kumi. Amepita. Kufikia saa kumi na moja Shiro alikuwa ameshaijaza nyumba tena, na madirisha yameshafunga ukungu. Rupal alipanda na sinia lake, akalipitisha katikati ya vigelegele, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti.

"Sasa niulize vizuri," alisema.

Teresia akakaa mbele yake. Shiro aliwasha saa ya simu mezani na kuinua mwiko kwa mazoea, akamwona Rupal uso, akauteremsha polepole juu ya meza.

"Watu wa nyumbani hawajambo?"

Rupal alikunja shali, akalikunjua.

"Mume wangu Ajay," alisema, "siku hizi akitoka dukani, njia ya kurudi inampotea."

Teresia akaigeuza simu kifudifudi, saa yake ikaendelea kuhesabu huko chini bila mtu wa kuitazama.