Kilo Nne za Flaiwili

Binti yangu mkubwa, Mama Pacha, ana mguu wa kushoto dhaifu tangu utotoni. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka thelathini na minane, na ilimchukua mwaka mzima. Mguu ule ukiachia klachi huiachia ghafla, polepole hauwezi. Lakini gari lake lilimvumilia. Sikujua ni kwa nini.

Jumatatu tulikuwa tunawapeleka wajukuu zangu shuleni. Kwenye mlima wa kabla ya lango, gari likazima. Akaliwasha, likaruka kama chura, likazima tena. Mara ya tatu likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu kulikuwa na lori. Honi zikatutukana. Muuza mboga mmoja aliacha meza yake, akaja mbio na jiwe, akalikita nyuma ya tairi. Kisha akamgusa binti yangu begani. Mungu amtunze yule mama.

Binti yangu alishuka, akanipa ufunguo.

"Mama, mimi na usukani basi. Nilikuwa najidanganya."

Nilikwenda gereji moja kwa moja, maana wiki iliyopita mdogo wake ndiye aliyelipeleka gari huko kubadilishwa klachi. Huyo tunamwita Spidi. Nilimkuta amelala chini ya gari lake, la aina ileile kama la dada yake. Walinunua hivyo ili wasaidiane vipuri.

"Umelifanya nini gari la dada yako?"

Akachomoza uso, meno nje. "Umeona, Mama? Ukigusa mafuta tu, injini inaitika! Nimemkerezea flaiwili. Kilo nne nzima zimetoka!"

Fundi mkuu aliniona sielewi, akanieleza kwa upole. "Ni gurudumu la chuma nyuma ya injini, mama. Uzito wake ndio unaozuia injini kuzima mtu akiachia klachi vibaya."

Kumbe uzito ule ndio uliokuwa ukimsubiri mwanangu!

"Rudisha," nikamwambia Spidi.

"Haiwezekani, Mama. Chuma kimeshakuwa chenga. Atazoea tu, akanyage mafuta zaidi."

"Atazoea kwa mguu wa nani?"

Nikaligonga gari lake kwa kiganja.

"Na lako umelikereza?"

"Bado. Nilitaka kwanza nione kama..." Akajiuma ulimi.

Fundi akaweka spana chini. "Nilikuuliza gari la nani. Ukaniambia lako."

Nimelea watoto watano bila kupiga kelele mbele za watu. Siku ile hata waliokuwa wakipuliza rangi walizima mashine yao.

"Dada yako ni panya wa kujaribia sumu? Fungua lako! Uzito mpe yeye, huo wepesi ukae nao wewe!"

"Mama, lakini gari langu..."

"Fungua!"

Fundi alishavuta jeki.

Alhamisi kazi ya kubadilishana flaiwili ilikwisha, lakini binti yangu alikataa kuligusa gari hadi Jumamosi. Tulipofika chini ya mlima ule, Spidi, aliyekuwa ametangulia kwa miguu kutusubiri, akafungua mlango aingie.

"Toka," dada yake alisema bila kugeuka.

Akaachia klachi kwa ghafla yake ileile. Gari likatikisika, likanguruma, likapanda. Juu kabisa alivuta breki ya mkono. Uso ulikuwa bado umekunjwa kwa hasira.

"Na wewe shuka, Mama," akasema. "Narudia peke yangu."