Mtu wa Ndege

Shati lilitangulia kazi. Fundi cherehani mmoja alilishona wiki ile ile binti yake alipofaulu mtihani wa mwisho wa urubani: jeupe, lenye vifungo vya mabegani, na mistari miwili ya dhahabu iliyokatwa kwenye utepe uliobaki kwenye gauni la bibi harusi. Akalitundika dukani juu ya cherehani, na kila mteja aliyeingia kupimwa suruali alisimuliwa habari zake atake asitake.

"La nani hilo?"

"La binti yangu. Rubani."

"Anarusha wapi?"

Hapo fundi alikuwa akitia pini mdomoni, maana mtu mwenye pini mdomoni halazimiki kujibu.

Binti mwenyewe mtaa mzima ulimwita Tiara. Tangu utotoni alikuwa akikimbia na tiara yake, kishada cha karatasi, macho juu, mpaka hakukuwa na mtaro pale mtaani ambao hakuwahi kuuangukia. Sasa alikuwa na leseni ya urubani wa biashara ndani ya mfuko wa plastiki, na kila kampuni aliyoiendea ilimwambia maneno yale yale: tunataka mwenye uzoefu. Uzoefu unapatikana wapi? Kazini. Na kazi anapewa nani? Mwenye uzoefu. Kuku na yai wana nafuu, wao angalau wanaliwa.

Mahali pamoja tu alikaribia kupata. Ilikuwa kampuni ndogo kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, inayobeba dawa, vifurushi na abiria wachache. Rubani mkuu wake, mzee wa miwani minene, aliitwa Radi kwa ajili ya sauti yake. Alimuuliza Tiara mambo ya mafuta, ya mawingu na ya uzito wa mizigo, na yote akayajibu vizuri. Kisha akamuuliza la mwisho.

"Umekaa kando yangu, tuko hewani, ukaona nakosea. Utafanyaje?"

Tiara alikuwa mtoto aliyelelewa akaleleka. Mkubwa haambiwi amekosea, sembuse mkubwa unayemwomba kazi. Akatabasamu, akasema, "Wewe huwezi kukosea, Kapteni."

Radi akamtazama juu ya miwani, akafunga faili. "Asante. Tutakupigia."

Tutakupigia ni neno tamu sana. Ukiambiwa, zima simu ulale. Tiara alirudi nyumbani akiyarudia majibu yake moja moja, na hakuona alikosea wapi.

Basi siku moja shangazi yake akapiga simu. Shangazi huyu alikuwa akipeleka vitafunwa kwenye ofisi za kiwanja kile kile, na habari ikiingia sikioni mwake haikai, hupita moja kwa moja mpaka mdomoni.

"Tiara! Wanatafuta mtu wa ndege! Mmoja tu, na wanamtaka haraka, aliyekuwepo kaacha kazi jana! Nimeshawaambia ninaye!"

Mama yake akapiga kigelegele kabla simu haijakatika. Baba akalishusha shati msumarini, akalipiga pasi mwenyewe, akazipuliza zile dhahabu mabegani kana kwamba ni makaa. "Nenda, mwanangu," alisema. "Leo umeamkia ndege njema."

Meneja wa kiwanja alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikombe cha chai kisichokauka. Alilitazama lile shati kwa mshangao kidogo, akamkaribisha kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shangazi yako kakusifia sana. Umewahi kushughulika na ndege?"

"Sana, mzee. Ndicho nilichosomea."

"Siku hizi kuna chuo cha mambo hayo?"

"Kipo. Na mitihani yake migumu."

"Ama kweli dunia imeendelea," alisema meneja, akanywa chai. "Sasa ndege wetu hapa wakubwa, na asubuhi wanakuwa wengi. Huwaogopi?"

Tiara akasikia kitu kimemkwaruza sikio. Wakubwa? Wengi? Lakini akamsamehe. Wapo wazee wanaozipenda ndege zao mpaka wanazitaja kama watu.

"Siogopi. Nilijifunzia ndogo, lakini nitazizoea hata kubwa."

"Vizuri. Na kuwarusha unajua?"

"Kurusha ndiyo fani yangu, mzee."

"Unatumia nini? Yule aliyeondoka alikuwa anatumia sufuria."

Tiara akadhani hakusikia vizuri.

"Sufuria?"

"Sufuria na mwiko. Wakitua njiani unawaendea unagonga, wanaruka. Wengine wakaidi, hao unawakimbiza."

"Mzee, samahani. Ndege gani hao?"

Meneja akanyoosha kidole dirishani. Kule, katikati ya njia ya kurukia, korongo kama ishirini walikuwa wakitembea taratibu, mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuwa na haraka.

Yote kwa ajili ya neno moja. Shangazi angesema "ndege wale" au "ndege zile", yasingetokea. Lakini alisema "mtu wa ndege", na kwenye maneno hayo korongo na eropleni wanalala kitanda kimoja. Tiara alijitazama mabegani, akawatazama korongo, na badala ya kulia akashikwa na kicheko, mpaka meneja naye akacheka bila kujua anacheka nini. Alipokwisha kucheka akaona jambo la pili. Kupitia dirisha lile lile zilionekana ndege za Radi, tatu, nyeupe, zimeegeshwa kwenye banda lao.

"Naanza lini?" aliuliza.

Nyumbani, mama alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaenda jikoni kumchagulia sufuria iliyotoboka. Shangazi aliapa kwamba yeye alieleza vizuri, ni watu wasiojua kusikiliza. Baba alicheka mpaka akajichoma sindano.

"Kwa hiyo unarusha ndege," alisema akinyonya kidole.

"Narusha, baba."

"Basi sijamdanganya mteja hata mmoja."

Lakini jioni, baba alipokuwa akifunga duka, Tiara alimwona akilivika lile shati mfuko wa plastiki. "Vumbi tu," baba alisema bila kugeuka. "Lisije likachakaa kabla ya siku yake." Jambo hilo lilimuuma Tiara kuliko vicheko vyote vya mtaani.

Akaanza kazi. Alivaa kizibao cha kung'aa na kofia pana, akabeba filimbi, sufuria, mwiko na redio ya mkononi ya kuzungumza na marubani. Alikimbia na kugonga na kupiga kelele, na korongo walimtazama kwa dharau kabla ya kuondoka. Lakini kazi ukiitazama vizuri nayo hukutazama. Aligundua kwamba ndege hupenda majani yakishafyekwa, kwa ajili ya panzi, na kwamba wakishtuliwa hurukia upande unakotoka upepo.

Akagundua na jambo jingine. Yule aliyemtangulia alikuwa na kawaida ya kusema redioni, "Kuna ndege njiani," na rubani aliyekuwa anakuja kutua hupata mshtuko, akidhani kuna mwenzake amekwama na abiria. Tiara, ambaye neno hilo lilikwisha kumwadhiri, hakutaka limwadhiri mtu mwingine. Yeye alisema, "Ndege wa manyoya, watano, mwisho wa njia, upande wa mlima." Marubani mwanzoni walimcheka. Baadaye wakaanza kumuuliza wenyewe kabla ya kuondoka: "Wa manyoya wanasemaje leo?"

Radi peke yake hakuuliza. Alipita na ndege yake asubuhi na jioni, na toka kule juu hakuona zaidi ya kofia na sufuria.

Siku ya siku ikafika. Radi alikuwa amechelewa. Dawa zililetwa kwa kuchelewa, abiria mmoja alisahau mzigo wake akarudi kuufuata, na ndege ilipofika mwanzo wa njia sauti ya redioni ilikuwa radi kweli kweli.

"Niko tayari. Naondoka."

Tiara alikuwa ameshawafukuza korongo mara mbili. Walizunguka, wakatua tena majanini, kando kidogo ya njia. Akautazama upepo. Ulikuwa ukivuma kutoka ng'ambo ya njia, na wale wakishtushwa na injini wangeikata njia.

"Ndege wa manyoya, kundi zima, majanini kushoto kwako. Naomba usubiri, Kapteni."

"Nawaona. Wako majanini, hawako njiani. Naondoka."

Hapo adabu yote ya nyumbani kwao ikamrudia. Huyu ni mkubwa. Huyu ni mzee aliyekuwa akirusha ndege kabla Tiara hajazaliwa, tena ndiye mwenye kazi aliyoililia usiku na mchana. Mdomo wake ulikuwa tayari kusema "sawa, Kapteni". Mkono ukabonyeza redio, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Subiri."

"Nimechelewa, binti!"

"Ndiyo, umechelewa. Subiri."

Injini ikaendelea kunguruma pale pale. Tiara hakungoja kuona kama amekubaliwa. Alitoka mbio na sufuria yake, akigonga na kupiga mayowe yasiyofaa kuandikwa. Korongo wakainuka wote kwa pamoja, wazito, wakaikata njia pale pale ambapo ndege ingekuwa inainua pua. Akawafuata kwa macho mpaka wa mwisho alipopotelea ng'ambo ya uzio.

"Njia nyeupe, Kapteni. Safari njema."

Radi akaruka, akaenda zake.

"Umemwambia Radi asubiri?" meneja aliuliza, kikombe kikiwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni. "Mara mbili? Umelikoroga, binti. Utalinywa."

Tiara alishinda kutwa akijua kwamba sasa hata korongo atanyang'anywa. Jioni Radi alitua, akazima injini, na badala ya kwenda ofisini akaja moja kwa moja majanini, ambako Tiara alikuwa amekalia sufuria yake iliyofudikizwa. Akasimama haraka, akavua kofia.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba." Mzee akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ngoja. Wewe si ndiye uliyeniambia siwezi kukosea?"

"Ndiye mimi."

"Leo je?"

Tiara akavuta pumzi. "Leo ulikuwa njiani kukosea, Kapteni."

Radi akacheka. Hakuna mtu pale kiwanjani aliyewahi kusikia kicheko hicho. Meneja alitoka nje na chai yake kuja kukishuhudia.

"Msaidizi wangu amechukuliwa na kampuni kubwa," Radi alisema. "Nimewauliza vijana chungu nzima lile swali nililokuuliza wewe. Wote wananiambia siwezi kukosea. Sasa mtu wa hivyo nimweke kando yangu afanye nini, pambo? Uzoefu utaupata kwangu. Lakini kumfundisha mtu aniambie 'subiri' nikiwa nimekasirika, hilo siliwezi. Leseni yako iko hai?"

"Iko hai."

"Basi kesho asubuhi tutaanza mafunzo. Njoo na shati jeupe. Unalo?"

Tiara alitaka kujibu kwa heshima, lakini machozi yalimtangulia, na kicheko nacho kikawa hakitaki kubaki nyuma. "Ninalo," alisema. "Limefunikwa tu."

Alipiga simu dukani palepale, sufuria kwapani. Nyuma ya sauti ya baba yake cherehani ilikuwa ikikimbia.

"Baba! Nimepata kazi ya ndege!"

Cherehani ikapunguza mwendo. Fundi alikuwa mtu aliyekwisha kuungua mara moja.

"Subiri kwanza, mwanangu. Ndege yupi, au ndege ipi?"

"Ndege ipi, baba. Ndege ipi!"

Cherehani ikasimama. Kisha Tiara akasikia mfuko wa plastiki ukichanwa, na sauti ya baba yake ikipasuka mpaka barabarani.

"Mama Tiara! Washa pasi!"