Utambi wa Sufi

Hasira za Martin siku ile zilianzia dukani kwa Nassir.

"Koili zimekwisha, kaka," Nassir alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Nunua vepu mpya. Za aina yako hata Tanga hawaleti tena."

"Wiki iliyopita si uliniambia nije leo?"

"Na umekuja. Karibu sana."

Martin alitoka akitukana kimoyomoyo. Siku nyingine angemsamehe Nassir, lakini si leo. Leo mchana alikuwa anapeleka posa Magamba, kwa kina Loveness, na kile kisigara cha umeme mfukoni mwake kilikuwa kimekufa. Koili, yaani kile kijiwaya cha ndani kinachochemsha maji ya vepu yawe mvuke, ilikuwa imeungua.

Mzee Benjamini, baba yake Loveness, alikuwa mwalimu wa kwaya. Alimzika mdogo wake aliyekohoa moshi wa sigara mpaka akabaki mifupa, na tangu hapo akaapa kwamba mvuta sigara hataoa kwake. Mshenga wa Martin alipokwenda mara ya kwanza, alirudi na jibu hili: "Mwambieni aache. Akishaacha, mje naye. Nataka nimnuse mwenyewe."

Nimnuse! Kama beberu mnadani! Bwana harusi hukaa nyumbani, mshenga ndiye hubeba maneno. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Martin alilimeza tusi lile kwa ajili ya Loveness, nalo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sigara aliziacha kweli. Akahamia kwenye vepu, kwa kuwa haikuacha harufu kwenye nguo, na hakuona sababu ya kumwambia mtu yeyote.

Sasa hamu ya kuvuta ilikuwa inamwandama. Hatua chache tu mbele yake palikuwa na meza ya muuza sigara za rejareja. Aliipita huku amekaza meno, akaingia kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio na simu, akafunga mlango kwa komeo.

"Mimi nafufua redio za marehemu," alijiambia. "Nitashindwa na kijispringi cha waya?"

Alitafuta video kwenye simu. Mzungu mmoja mwenye kucha safi alizungusha waya kama anayecheza. Martin akapasua mashine mbovu ya kukaushia nywele, mali ya saluni ya jirani, akatoa waya wake mwembamba na kuuzungushia kwenye bisibisi ndogo. Koili ya kwanza ilitoka imepanuka kama meno yenye mianya. Alipobonyeza kitufe, ncha moja ikawaka na nyingine ikabaki nyeusi. Akaitupa ukutani. Ya pili ilikatika alipokuwa anakaza skrubu. Hiyo aliikanyaga. Ya tatu akaizungusha polepole, mizunguko ikabanana vizuri, akabonyeza: ikaiva katikati kwanza, kisha wekundu ukatambaa kwenda pande zote mbili kwa pamoja.

"Unaona!" aliufokea ukuta. "Unaona, Nassir?"

Bado utambi wa kunyonya yale maji. Mzungu alisema pamba safi. Pamba ilikuwapo duka la dawa, mlango wa tatu tu, lakini dada muuzaji aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Mzee Benjamini. Angeuliza ya nini. Martin akaingia chumbani kwake, nyuma ya kibanda, akachana pembe ya mto aliopewa na mama yake. Nyumbani kwao kilichomo ndani ya mto kiliitwa pamba tangu alipozaliwa, na yeye hakuwahi kukitilia shaka. Kilikuwa cheupe, chepesi, chenye kung'aa. Akarudi nacho kibandani, akakisokota, akakipenyeza kwenye koili, akakidondoshea maji ya vepu.

Matone yalisimama juu yake kama umande kwenye jani la kabichi. Hayakuzama.

"Umeshiba," alisema kwa kuridhika.

Akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyenyimwa tangu alfajiri. Kilichoingia kifuani kilikuwa moto mtupu. Utambi ulilipuka, moshi wa matambara ukajaa kibanda kizima, ukalala kwenye koti la posa lililotundikwa ukutani. Alikohoa mpaka akapiga magoti.

"Martin!" Baba yake mdogo, Fanueli, ambaye ndiye mshenga, alikuwa anagonga mlango. "Martin we! Gari linatungoja!"

Walipofika Magamba, Mzee Benjamini aliitikia shikamoo, akasogea, akainamisha pua kwenye kola ya mgeni wake.

"Umevuta."

"Mzee mwenzangu," Fanueli aliwahi, "tumekuja kwa heri..."

"Sijavuta sigara!" Martin alimkatiza.

"Nyamaza, mwanangu. Siyo zamu yako."

"Mwongo," alisema Mzee Benjamini, taratibu, kama anayemsahihisha mwanakwaya.

Neno lile likaugusa ule mwiba. Martin alisimama, akaichomoa vepu, akaifungua mbele ya wazee, akaanza kueleza kwa sauti ya juu: huu ni waya, hii ni koili, huu ni utambi, sigara iko wapi hapa?

Fanueli alichungulia. "Hiyo si sufi ya mto wa kulalia, we? Sufi hainywi maji! Ndiyo maana tunailalia!"

Mtu mmoja akacheka. Martin hakugeuka kumtazama ni nani, kwa sababu Loveness alikuwa amesimama mlangoni, na chai ya wageni ilikuwa imeshamiminwa.

"Umeitengeneza lini?" aliuliza.

"Leo asubuhi. Kwa mikono yangu." Hata pale hakuweza kuificha fahari yake.

"Siku ya posa yangu." Loveness aliingia ndani. "Uliniambia umeacha."

"Sigara nimeacha!"

"Nilikuuliza kama kuna kitu chochote kinachokuendesha. Ukaniambia hakuna, wewe ni mwanamume."

"Mimi nilishasema..." alianza baba yake.

"Baba, niwie radhi. Ulitaka kumnusa, umemnusa. Niachie na mimi." Akamgeukia Martin. "Unaweza kukiacha?"

"Wakati wowote! Hata sasa hivi!"

"Kiache. Weka hapo mezani, uondoke bila hicho, nami nitakungoja."

Martin alicheka. Jambo jepesi! Kibomba chenye betri, utambi umeungua, hata kuvutika hakivutiki. Akanyoosha mkono juu ya meza. Vidole havikufunguka. Akamkasirikia Loveness kwa kumjaribu mbele za watu, akamkasirikia mzee kwa pua yake, akamkasirikia Nassir, mama yake, mto wake. Na kila hasira iliyopanda ilimdai kitu kilekile, avute kidogo tu, atulie. Alivitazama vidole vyake kwa chuki, kama vya mtu mwingine. Kisha mkono ukarudi wenyewe mfukoni, na vepu ikiwa ndani yake.



Loveness akaanza kukusanya vikombe vya wageni, vingali vimejaa.