Zamu ya Uvunguni

Mtutu wa bunduki ulikuwa umeshaelekezwa uvunguni mwa kitanda cha marehemu, na mbwa hajaacha kunguruma, mjukuu alipouona mguu. Mguu mdogo wenye vumbi, kandambili ya bluu ikining'inia kidoleni.

"Usipige! Jamani, usipige! Mna mtoto humo!"

Mlinzi wa ghala la jirani aliishusha bunduki harakaharaka, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Mjomba, aliyemwomba aje kummaliza mbwa yule, aliinama akachungulia, kisha akarudi nyuma amejishika kichwa.

Mbwa mwenyewe walimwita Mama Mkwe, kwa jinsi alivyozoea kumkagua kila mgeni kama aliyekuja kuposa. Tangu bibi azikwe alikuwa amejichimbia uvunguni, na asubuhi ile Mjomba alipojaribu kukisogeza kitanda, alimrarua mkono. Hapo ndipo neno lilipopita: mbwa huyu ameharibika, auawe. Mjukuu hakupinga. Alikuwa na basi la jioni la kuwahi, na kusema kweli hakuwa na machozi ya kumlilia mbwa.

Alikuwa na kinyongo naye, yeye na wote waliomtangulia. Nyumba hii haikuwahi kukosa mbwa kilema, paka chongo, mbuzi aliyekataliwa na mama yake, na watoto wa watu, kundi zima, ambao mama zao waliwaacha alfajiri wakikimbilia kiwandani. Bibi aliwalisha wote, akawaogesha wote, wala hakulalamika. Mjukuu aliletwa hapo mdogo, mama yake amefariki, analia mpaka sauti imekauka. Bibi alimtazama tu, akasema, "Nenda kamchunge yule mbuzi, anaogopa peke yake." Loo! Mtoto yatima, badala ya kubebwa, anapewa kazi. Alilala bandani akiwa ameikumbatia shingo ya kitoto kile cha mbuzi, akaapa hatamsamehe mwanamke yule. Hata alipokuwa mtu mzima alijiita yaya wa mbuzi, na watu wakacheka wakidhani anatania.

"Nukta!" aliita sasa. Ndivyo walivyomwita mtoto yule kwa udogo wake. Mama yake alikuwa kiwandani na hakujua lolote. "Toka, mama. Taratibu."

"Sitoki."

Mbwa alikenua meno. Taya zake zilikuwa juu kabisa ya shingo ya mtoto.

"Ngoja nimvute mguu," Mjomba alinong'ona.

"Ukimgusa tu, mbwa atachanganyikiwa amng'ate."

"Sasa tufanyeje? Tukae tunatazama?"

"Mimi naweza kumpata kwa pembeni," alisema mlinzi. "Nina shabaha." Lakini bunduki hakuiinua.

Mjukuu alilala kifudifudi sakafuni.

"Nukta, kwa nini hutaki kutoka?"

"Bibi aliniambia nimchunge Mama Mkwe. Anaogopa peke yake."

Maneno yaleyale.

"Na Mama Mkwe, yeye aliambiwa nini?"

Mtoto alimshangaa mtu mzima asiyejua jambo dogo hivyo. "Aliambiwa anichunge mimi. Bibi alimnong'oneza sikioni. Si huwaambia wote?"

Kumbe yule mbuzi naye aliambiwa. Ndiyo maana usiku ule hakujinasua hata alipobanwa shingo, na yeye akalala akidhani ndiye anayemchunga. Mjukuu aliuma kiganja chake ili asilie kwa sauti, maana mbwa alikuwa akimkodolea macho. Ah, bibi wewe, alisema moyoni. Mjanja wewe! Kwa nini hukuniambia?

"Utatoka lini, Nukta?"

"Akija mtu wa kunipokea zamu."

Basi alianza kujiburuta. Mjomba alimshika kifundo cha mguu. "Una wazimu? Mwanangu, usiingie humo!" Alijipapatua akaendelea. Uvungu ulinuka mbwa, na dawa ya vidonda, na nguo za bibi. Mngurumo ukapanda. Alinyoosha mkono polepole, na meno yakaukamata.

"Zamu yangu," alimwambia mtoto. Akamgeukia mbwa, akamwambia vilevile. "Zamu yangu, Mama Mkwe. Umechoka."

Aliogopa, aliogopa sana, lakini hakuuvuta mkono. Meno yalikaa palepale bila kubana wala kuachia. Halafu mbwa alishusha pumzi ndefu, akalaza kichwa juu ya mkono uleule, na Nukta akatambaa akatoka.

Mjomba alimnyakua. "Haya, na wewe toka! Toka upesi, mlinzi amalize kazi."

"Siwezi, Mjomba."

"Huwezi nini?"

"Niko zamu."

Mlinzi, ambaye naye alikulia kwenye sakafu hiyohiyo, aliiegemeza bunduki ukutani bila kuambiwa.

"Na basi lako?" Mjomba aliuliza.

Nukta alijichomoa mikononi mwake, akainama mpaka shavu likagusa saruji, akachungulia uvunguni.

"Na wewe," aliuliza, "nani atakupokea?"