Sauti Iliyovuka Mfereji

Mzee McRae, jirani yao Mskoti, alisimama juu ya tuta la mfereji nyuma ya nyumba zao, mashavu yamemvimba, akilikamua zumari lake la mfuko kama anayemnyonga bata kwapani. Shem alimtazama kutoka barazani, akasonya. Mtu mzima, sketi ya mirabaraba, magoti mekundu, na bado anajiona wa maana. Kwao Vihiga mtu wa namna hiyo angeombewa kanisani.

"Kila Jumamosi," alisema akiingia ndani kuchukua ufunguo wa gari. "Leo nitajua kelele hizi zinafika wapi, nimshtaki kwa kamati ya mtaa."

Mkewe Loice aliketi sebuleni, leso mapajani, madirisha yote yamefungwa. Mama yake alikuwa amezikwa jana yake huko nyumbani bila yeye, kwa kuwa karatasi zao za uhamiaji hazikumruhusu kusafiri. Habari ya kifo ilipofika, alikuwa ameinua mikono kichwani ili alie kama walivyolia mama zake, kilio cha kuvuka vilima na kuita watu. Shem alimziba mdomo kwa kiganja.

"Si hapa, Mama Sheldon. Hawa wazungu hawajui matanga. Wata-call polisi."

"Nani atajua basi kwamba mama ameenda?"

"Mungu anajua."

Tangu hapo Loice hakulia wala hakusema mengi, na Shem aliuita ukimya huo ustaarabu.

Akaondoka, vioo vya gari vimeshushwa. Kwenye kituo cha mafuta zumari lilikuwa bado linamwandama. Akapita shule, akapita kanisa la Wabaptisti. Katy, mji wao huu wa ugenini, ni tambarare kama meza, haina kilima cha kuzuia hata umbea, na upepo ulivuma kumfuata. Penye mashamba ya mpunga akazima injini. Sauti ilifika, nyembamba lakini nzima. Ndani yake ilipanda nyingine, ya juu zaidi, ikipasuka na kuanza upya.

"Sasa hata limetoboka," akajisemea, akacheka. Upuuzi mtupu, na ushahidi mnono. Akageuza gari.

Alipokaribia kanisa, zumari lilinyamaza. Ile sauti ya pili haikunyamaza.

Akapunguza mwendo. Alikuwa ameisikia sauti ya namna ile tangu utotoni, ikishuka kutoka boma hadi boma, na hakuwahi kuuliza kwa nini lazima ifike mbali hivyo. Leo aliicheka.

Alipofika, Loice alikuwa juu ya tuta, mikono kichwani, akilia kwa kifua chote. McRae alisimama kando yake, kofia mkononi, mfuko umenywea kwapani. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Mama wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka mitatu walipungiana mikono tu, akavuka nyasi akimjia. Shem akauvaa haraka uso wake wa kuomba radhi, ule aliouvaa tangu aliposhuka uwanja wa ndege.

"Ni nani amefariki?" yule mama akamwuliza.

Radhi ikamkauka mdomoni. Aliona haya, haya ya kumchoma masikio.

"Mama yetu," alisema, na maneno hayakufika hata ukingo wa nyasi.

Yule mama akasogea, akatega sikio. Ikambidi aseme tena, kwa sauti.